Samaki wanatweta juu ya maji alfajiri, bwawa la nyumbani Goba

MamaWawili_Goba
Habari zenu wadau. Nina bwawa nyuma ya nyumba, mita 4 kwa 3, kina mita moja, tumechimba wenyewe na kutandika turubai. Desemba niliweka vifaranga 150 vya sato, sasa wamefika upana wa kiganja. Tangu mvua zianze, siku ya tatu hii hakuna jua, nikitoka kuswali alfajiri nawakuta wamejaa juu, midomo nje, wanatweta. Hata ukipita karibu hawakimbii. Ikifika saa nne wanazama na kula kama kawaida. Leo wamekufa wanne, wale wakubwa. Maji yamekuwa kijani kizito kama mlenda. Nawapa pumba na dagaa, kopo la kilo asubuhi, jingine jioni. Mwanangu anasema tumwage maji yote, tuoshe turubai kwa sabuni, tujaze ya bomba ya DAWASA. Naogopa. Nimewalea toka wako kama punje za maharage, inaniuma sana.

Mfugaji_Kigamboni
Pole sana dada. Msimwage maji yote, na sabuni isiguse hilo turubai. Samaki wako wanakosa hewa. Ukijani huo ni mwani: mchana kwenye jua unatoa oksijeni, usiku unavuta ileile wanayovuta samaki, na chakula kinachooza chini nacho kinaimaliza. Kukiwa na wingu siku tatu, alfajiri hakuna kilichobaki. Wakubwa hutangulia kufa kwa kuwa wanahitaji nyingi.

Leo acha kulisha. Vuta kwa mpira maji ya chini kabisa, yale meusi yenye harufu, utoe robo, umwagie migomba. Rudishia maji yaliyolala siku mbili kwenye tenki lililo wazi, maana ya bomba yana klorini, inaunguza matamvua wanayopumulia. Yaanguke toka juu, yapige kishindo. Usiku kuanzia saa tisa chota kwa ndoo umwage humohumo toka usawa wa kifua hadi kupambazuke. Nimekesha hivyo mara mbili, mkono uliuma wiki nzima, nikapoteza samaki mmoja tu.

Kila wiki zamisha mkono. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, ni mazito, toa tena. Kikipotea maji yakiwa kwenye kiwiko, uache ukijani huo, ni chakula chao.

Babu_Chanika
Mwanangu, kilo mbili ni nyingi mno. Samaki 150 wa gramu 100 ni kilo 15. Asilimia tatu yake haifiki nusu kilo, tena ugawe mara mbili. Na bila mashine ya hewa, watatu kwa mita ya mraba wangetosha, wewe una zaidi ya 12. Vua wakubwa uwale. Umeona vitoto pembeni? Navyo vinazidisha msongamano.

MamaWawili_Goba
Shikamoo babu. Vitoto vipo, vingi, nilikuwa nafurahia.

Jana tumetoa robo, matope yalinuka kama mayai viza. Tumepokezana ndoo na mwanangu toka saa tisa. Kulipokucha niliwahesabu juu kumi na mmoja, na nilipokanyaga ukingoni wote wakazama kwa kishindo. Hajafa hata mmoja. Kiganja bado kinapotea kwenye kifundo cha mkono, kwa hiyo keshokutwa tunatoa tena, tenki nimeshalifunua. Jumamosi navua hamsini, majirani wameshaagiza.