MREJESHO: Jarida langu la ufugaji wa kuku limetoka wasomaji 38 hadi 212

Wakuu, miezi minne iliyopita niliomba ushauri: nina jarida la ufugaji wa kuku wa kienyeji linalokwenda kwa barua pepe kila Jumatatu, nitapataje wasomaji kupitia mitandao ya kijamii? Walikuwa 38, nusu yao ndugu zangu.

Mlinijibu niache kubandika linki kila siku, nijibu maswali ya watu. Nilibisha kimoyomoyo, ila nikafanya. Kwenye makundi ya wafugaji ya Facebook, mtu akiuliza kwa nini mayai yana ganda laini, namweleza habari za chokaa kwenye chakula, jarida silitaji kabisa. Lililovuma ni jibu la chanjo ya mdondo (ugonjwa wa kuku, wengine huuita kideri), ile ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Watu waliuliza hadi usiku wa manane, nikawajibu mmoja mmoja. Wenyewe wakafungua wasifu wangu, linki wakaikuta pale. Leo tuko 212.

Kwenye mtandao wa picha niliambulia laiki tu.

Kuna jambo sikulitarajia. Wengi wana barua pepe kwa sababu tu simu iliwadai walipoiwasha, hawaifungui kamwe! Kwa hiyo Jumatatu asubuhi natupia dondoo moja kwenye chaneli ya WhatsApp, nawakumbusha mengine yapo kwenye barua. Wanaofungua wameongezeka.

Aliyenishauri ninunue wafuasi, samahani mkuu, hiyo niliiruka.