Kine (munganga wa mazoezi ya mwili) amemupima mama kutembea huku anahesabu, sasa familia inabishana. Mutusaidie

Furaha_Kadutu
Jambo bayaya na badada. Mama yetu iko na miaka 76, aliuzisha samaki wa sambaza soko ya Kadutu, hapa Bukavu, miaka mingi mpaka magoti ikamukatalia. Hii mvua ameanguka tena, safari hii kwenye ngazi ya parseli (kiwanja cha nyumba yetu), ashukuriwe Mungu hakuvunjika. Tukamupeleka kwa kine. Akamukalisha kwenye kiti, akamwambia asimame, atembee mpaka kwenye alama, azunguke, arudi, akae, yeye anaangalia saa: sekunde 13. Kisha akamurudilisha tena lakini sasa mama atembee akihesabu kinyume kuanzia 80, kila mara anatosha (anapunguza) 3. Mama akafika katikati akasimama kabisa, akashika ukuta, midomo inatembea, miguu imekatala. Sekunde 22. Halafu akapewa karatasi achore saa, na mama hakumaliza hata la pili ya primeri. Tukatoka na barua ya kuona dokta wa ubongo. Kaka mukubwa anasema mama ameanza kupoteza akili, shangazi anasema kine amemuzarau mama yetu. Mutu wa miguu anatafuta nini kwa kichwa? Na hizi sekunde maana yake nini?

Kine_Ibanda
Dada Furaha, pole kwa mama. Mimi ni kine, wazee njo kazi yangu ya kila siku. Kile kipimo cha kiti na mita 3 kilitungwa na Podsiadlo na Richardson kule Canada mwaka 1991, tunakipenda juu hakiombi mashine, paka kiti, mita na kronometa ya simu. Wamarekani wa CDC, ofisi ya afya ya serikali yao, wanasema muzee akifika sekunde 12 ao zaidi, hatari ya kuanguka ipo. Kwa hiyo 13 ya mama inataka kuangaliwa, lakini peke yake haingenisumbua sana. Kinachonisumbua ni kule kusimama.

Kutembea si kazi ya miguu tu. Kichwa ndicho kinachagua pa kukanyaga, kinapima mutelemuko, kinarudisha mwili ukianza kuyumba. Kijana hata hajui kama kichwa chake kinafanya hiyo kazi. Muzee inabidi aangalie kila hatua, na uangalifu alio nao ni huo huo mumoja, ukimupa hesabu juu yake kimoja lazima kianguke. Mwaka 1997 Lundin-Olsson na wenzake kule Sweden walitembea na wazee 58 huku wanawapigisha stori. Wazee 12 walisimama ili wajibu. Miezi 6 baadaye, 10 kati ya hao 12 walikuwa wameanguka. Stori tu, hata si hesabu!

Kwa hiyo kine hakumuzarau mama, alifanya kazi yake. Mama akiwa anashuka kutoka Kadutu, njia imelowa, mutu akamuita kwa nyuma akageuka kumujibu, hapo ndipo pa hatari. Mwambieni mutu wa nyumba asimusemeshe mama kwenye ngazi, amungoje afike.

mwana_wa_Bagira
Nakubali kwa miguu, lakini kwa saa hapana. Kumuchoresha saa mama ambaye hakusoma ni kupima shule, si akili. Hata kile kipimo cha akili kinachoitwa MoCA, kilichotoka Montreal mwaka 2005 kinaongeza pointi 1 kwa mutu aliyesoma miaka 12 ao chini, maana yake wenyewe wanajua shule inaingia ndani, na pointi 1 kwa mama wa primeri ya pili ni kitu gani? Huyu mama amehesabu franga maisha yake yote. Omba wamupime kwa vitu vyake, ataje wanyama ao vitu vya soko kwa dakika moja, akumbuke maneno matatu baada ya muda kidogo. Tena wawaulize ninyi munaoishi naye: anapotea njia anayoijua? anakosea baki ya franga? anarudilia swali lile lile? Hayo njo yanasema kitu.

Na jambo lingine, angalieni dawa. Baba yangu alikuwa anayumba tukafikiri ni uzee, kumbe ni dawa ya usingizi pamoja na ya tansio (presha ya damu). Walimulaza dakika 5, wakapima tansio, wakamusimamisha wakapima tena dakika ya 1 na ya 3, namba ya juu ilishuka zaidi ya 20. Dokta alipopunguza dawa, kuyumba kukapungua. Musikate dawa wenyewe lakini.

Kine_Ibanda
Yaya wa Bagira amesema kweli, kwa saa nakubali. Hata kutosha 3 3 ni kazi ya shule, mimi ningemuambia ataje samaki na mboga huku anatembea. Lakini barua ya dokta musiitupe. Mutu akichanganyikiwa gafla, kwa siku chache, hiyo inaweza kuwa malaria ao infeksio, kimbieni. Na kama kutembea kumebadilika, anakojoa bila kujizuia, na kusahau kumeongezeka, vyote pamoja, mumuambie dokta vyote vitatu, kuna ugonjwa wa maji kwenye ubongo ambao mara nyingine unatibika.

Furaha_Kadutu
Aksanti sana, nimesomea kaka haya yote, amenyamaza kidogo. Sasa nyumbani tufanye nini tukingoja rande-vu?

Kine_Ibanda
Kiti kigumu, kiegemee ukuta, mikono ikunjwe kifuani, asimame na kukaa kwa sekunde 30, muhesabu. Mwanamke wa miaka yake tunategemea afikishe 10. Akishindwa bila mikono aitumie, hayo ndiyo mazoezi yake ya asubuhi na jioni. Kisha asimame karibu na meza, muguu mumoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole, atafute sekunde 10, na mumoja wenu awe pembeni mukono karibu, si mbali. Kambambili zilizoisha mutupe, mumutafutie kiatu kinachoshika kisigino. Macho pia yaangaliwe, kama kuna mutoto wa jicho mazoezi peke yake hayatatosha. Na kwenye ile ngazi ya parseli wekeni muti wa kushikilia hii wiki, musingoje dokta.