Ubuntu haionekani baada ya kupigwa Windows upya, na ndani mna maulidi ya mama

BintiMakorora
Assalaam alaykum wakubwa. Nina steshenari Makorora, hapa Tanga. Mashine yangu ina Windows kwa ajili ya printa, na Ubuntu 22.04 (mfumo mwingine wa kompyuta) ninayosafishia sauti. Wiki iliyopita Windows iligoma, nikampelekea fundi akaipiga upya. Sasa inawaka vizuri, ila ile menyu nyeusi ya kuchagua haiji tena, inaingia Windows moja kwa moja. Kwenye Disk Management naona kipande cha GB 180 hakina herufi wala jina.

Humo mna kaseti 23 za marehemu mama akisoma Barzanji. Nilizihamisha usiku kwa usiku kwa redio kaseti ya shangazi, na tatu kati yake utepe umeshakatika. Nisaidieni, naogopa hata kubonyeza.

FundiChuda
Waalaykum salaam dada. Umefanya vyema kutobonyeza. Windows haisomi ext4, yaani namna Ubuntu inavyopanga mafaili, ndiyo maana inakiona kipande kama hakina kitu. Ikikuambia ukifomati, kataa.

Tafuta flashi ya GB 8, iwekee Ubuntu hiyo hiyo, washa nayo, chagua Try Ubuntu. GRUB, yaani ile menyu nyeusi, iache kwanza. Fungua kile kipande, kopi sauti zote kwenye diski ya nje, kisha sikiliza mbili tatu mpaka mwisho. Mashine ya mtu siigusi kabla ya hapo.

Halafu andika `ls /sys/firmware/efi`. Ikisema haipo, umewasha flashi kwa njia ya zamani. Zima, uchague mstari ulioandikwa UEFI, ndiyo njia mpya. Ikiwepo, andika `sudo efibootmgr`. Ukiona ubuntu kwenye orodha, ni mpangilio tu umebadilika, urudishe mwanzo kwa `-o`. Isipokuwepo (hapa sda5 ni Ubuntu, sda1 ni EFI ya kuwashia; badili namba kulingana na `lsblk -f` yako):

```
sudo mount /dev/sda5 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for i in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$i /mnt/$i; done
sudo chroot /mnt
grub-install
update-grub
```

BintiMakorora
Alhamdulillahi, sauti zote 23 zimetoka! Nimesikiliza ile ambayo mama anakohoa kidogo kabla ya kuanza, ipo vile vile. Ubuntu haikuwemo kwenye orodha, nikafuata amri zako na menyu imerudi. Lakini nikiichagua inasubiri dakika moja na nusu, kisha inaandika emergency mode. Na Windows haimo kwenye menyu.

Raskazone_pwani
Dada, kusubiri huko kunaonyesha fundi alifuta patisheni ya EFI, Windows ikatengeneza nyingine yenye UUID (namba ya utambulisho) mpya. Ubuntu bado inaitafuta ile ya zamani. Bonyeza Enter hapo hapo, andika `blkid /dev/sda1`, kisha `nano /etc/fstab`. Kwenye mstari wa /boot/efi weka UUID mpya. Ni fupi, tarakimu na herufi nane zenye kistari katikati.

Kuhusu Windows: kuanzia GRUB 2.06 kutafuta mifumo mingine kumezimwa. Ndani ya `/etc/default/grub` ongeza `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, kisha `update-grub`.

BintiMakorora
Ilikuwa ni UUID kweli. Imewaka saa mbili usiku, Windows nayo imo na printa inachapa. Mungu awalipe. Diski ya nje nimeipeleka kwa shangazi Mabawa, kaiweka kabatini pamoja na kaseti.