Trekta la bonde: ringi tu au laina?

*Kikundi: Wakulima wa Bonde la Cheju*

Mwanakhamis [2:14 usiku]
Assalaam alaykum. Ami Haji, shikamoo. Injini ya lile trekta letu, Massey 135, tumeifungua hedi (kifuniko cha juu) leo. Ilikuwa inatoa moshi wa buluu, na bomba la kupumulia linatema oili. Pesa tulonayo ni laki tisa. Fundi anasema tutie ringi (pete za pistoni) mpya tu, tufunge. Tumsikilize?

Ami Haji [2:21 usiku]
Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Msinunue hata msumari kabla hamjapima. Laina, lile bomba la chuma inamopanda na kushuka pistoni, hulika zaidi juu, kwenye joto na mgandamizo. Ikishapanuka juu, ringi mpya zinafunguka na kufunga kila pistoni inapopanda na kushuka. Oili itapita vilevile, na mwisho ringi zinavunjika.

Mwanakhamis [2:23 usiku]
Hatuna geji ya kupimia silinda, ami.

Salum Wete [2:30 usiku]
Fila geji, vile vijibati vya kupimia mwanya, mnayo? Inatosha. Chukua ringi moja ya juu, hata ya zamani, maana tunatafuta tofauti tu. Itie kwenye silinda peke yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, isipinde. Pima mwanya wa ncha zake chini kidogo ya ule ukingo wa juu, kisha chini kabisa ambako ringi hazifiki. Toa kipimo cha chini kwenye cha juu, gawa kwa 3.14. Jibu ndilo upana ulioongezeka.

Bi Asha [2:34 usiku]
Fanyeni haraka jamani. Masika yasitukute hatujachimbua, wachilia mbali kuburuga.

Mwanakhamis [Jumapili, 4:05 asubuhi]
Chini zote milimita 0.40. Juu: ya kwanza 0.70, ya pili 0.95, ya tatu 0.80.

Salum Wete [4:12 asubuhi]
Basi ya pili imepanuka karibu milimita 0.18. Ringi peke yake hapo ni pesa ya kutupa. Nunueni laina na pistoni zote tatu, na muulize laina zilokwisha kupigwa boa (kuchongwa ndani kwa saizi) kiwandani. Hizo zinaingia bila mashine, hamtolipa nauli ya boti kupeleka bloku Dar. Lakini zisiwe zinacheza kwenye bloku; zikicheza, bloku inataka mashine tu, hakuna ujanja. Na safisheni kikalio cha kola (mdomo wa juu) ya laina mpaka chuma king'ae. Chembe moja ya masizi chini ya kola, mkikaza hedi kola inapasuka.

Ami Haji [4:20 asubuhi]
Dukani nendeni na namba ya injini NA pistoni ya zamani mkononi. Zipo za ringi nne na za ringi tano. Sili ya nyuma ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) nayo, nyengine ya kamba, nyengine ya mpira.

Mwanakhamis [4:26 asubuhi]
Na beringi tuchukue papo hapo?

Ami Haji [4:33 asubuhi]
Hapana! Kwanza geuzeni beringi za zamani, someni mgongoni: STD (saizi ya kiwandani), 010 au 020 (krenki imepunguzwa inchi 0.010 au 0.020). Krenki huenda ilishakerezwa. Kisha azimeni maikromita, kila shingo ipimwe pande mbili. Ikiwa imekuwa yai, inakerezwa kwanza, beringi zinafuata saizi itakayotoka. Vifuniko vya konrodi (mikono ya pistoni) na vya meni (beringi kuu za krenki) vitieni alama, kila kimoja kirudi kwake na upande wake. Asije mtu akavipiga tupa ili "vibane".

Mwanakhamis [4:35 asubuhi]
Sasa tubane pesa wapi?

Salum Wete [4:47 asubuhi]
Kwenye hedi. Valvu zikiwa hazijaliwa sana, zisageni kwa mkono kwa grisi ya msasa, kisha mimineni mafuta ya taa kwenye matundu ya moshi na ya hewa. Yasipovuja, hamna haja ya valvu mpya. Rejeta na njia za maji zisafisheni wenyewe, maji ya visima vyetu yameacha chokaa. Baada ya hapo tieni maji ya mvua. Nozeli (za kupulizia dizeli) zipelekeni kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Pampu ya dizeli msiifungue nyumbani. Gasketi ya hedi lazima mpya.

Ami Haji [4:58 asubuhi]
Siku ya kufunga: njia za oili kwenye krenki na bloku zipitishwe waya na hewa, maana vumbi la kukereza ndilo linaloua beringi mpya. Mwanya wa ringi mpya usipungue milimita 0.30. Hedi ikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, mwisho pauni-futi 60. Mwanya wa valvu milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Kisha vuteni kizimio isiwake, pigeni stata kidogokidogo mpaka geji ya oili inyanyuke, ndipo muiwashe. Ikishapata moto, izimeni, kazeni hedi tena; ikipoa, mpime valvu upya.

Bi Asha [5:02 asubuhi]
Ikiwaka tu iende bondeni?

Ami Haji [5:06 asubuhi]
Iende, Bi Asha, ila plau isizame sana siku za mwanzo. Kuiacha ingurume bure uwanjani ni vibaya zaidi: laina zinakuwa kioo, ringi hazikai.

Mwanakhamis [5:09 asubuhi]
Beringi za konrodi zimeandikwa 010. Namtafuta mwenye maikromita sasa hivi.