Naombeni ushauri: niache kazi Dar nikacheze raga Harare?

Winga wa Mbagala:
Habari zenu wakuu. Nina miaka 25, nafanya kazi kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, raga nacheza tangu sekondari. Baba Mtanzania, mama kazaliwa Bulawayo, Zimbabwe. Sasa kuna kocha wa klabu moja ya Harare kanipigia, anasema nikienda msimu huu naweza kuonekana, na mnajua Zimbabwe wamefuzu Kombe la Dunia 2027 kule Australia, waliwafunga Namibia 30-28 Kampala mwaka jana, mara ya mwisho kwenda ilikuwa 1991. Hapa Dar mazoezi tunafanya ila mechi za maana hakuna, na umri unaenda. Bosi kakataa likizo bila malipo. Niache kazi niende au nibaki? Usingizi sipati wakuu, matusi sitaki.

Mama Wawili:
Mwanangu, kazi ya bandarini kuna watu wanaisaka miaka na hawaipati, wewe unataka kuiacha kwa simu moja. Kaka yangu aliacha kazi akafuata mpira Oman, akakaa kule bila mkataba, karudi hana hata nauli ya kutoka uwanja wa ndege, tukamfuata sisi. Mpaka leo ukimtajia mpira ananyamaza. Mheshimu bosi wako, tulia, kwanza umeoa?

Kinyozi Sinza:
Mkuu raga si ndo ule wa kushikana mashati? Mimi nilijua wanacheza Wakenya tu 😂 Ila Wakenya nawapa heshima zao, 2016 waliwapiga Fiji 30-7 fainali Singapore, ile ya wachezaji saba, na Fiji hao hao miezi michache mbele wakachukua dhahabu ya Olimpiki Rio. Nenda bana, ujana ni mmoja.

Namba Nane:
Kabla watu hawajakupeleka Harare wala kukurudisha, nijibu kitu kimoja. Ushawahi kuichezea timu ya taifa ya Tanzania, ya wakubwa?

Winga wa Mbagala:
Mkuu hilo naona halihusiani, mimi nimeuliza kuhusu kazi.

Namba Nane:
Linahusiana kuliko kazi. Jibu.

Mzee wa Upanga:
Vijana shikamooni zenu nimezipokea japo hamjatoa. Mimi kinachoniuma ni ratiba yenyewe. Mwaka huu wakubwa wameanzisha Nations Championship, timu 12, sita za Ulaya, nne za kusini mwa dunia, wakaongeza Japani na Fiji, wanakutana Julai na Novemba, na hakuna kupanda wala kushuka mpaka 2030. Chini yake wameweka Nations Cup ya timu 12 nyingine, Zimbabwe wamo humo, na hilo nawapongeza kwa sababu angalau mechi zinajulikana mapema. Lakini Georgia hawa waliwafunga Wales 13-12 pale pale Cardiff mwaka 2022, bado wako daraja la chini. Ureno waliwafunga Fiji 24-23 Kombe la Dunia 2023, nao wako chini. Wangekuwa wanakutana na wakubwa kila mwaka tungeona mambo. Sasa sisi Tanzania ambao hatumo kwenye hizo 24 kabisa tunaanzia wapi? Kijana akikaa hapa atapimwa na nani? Ndo maana simlaumu huyu.

Mama Wawili:
Mzee shikamoo. Lakini hujamjibu mtoto kuhusu kazi.

Winga wa Mbagala:
Shikamoo mzee, nashukuru umenielewa. Haya, ndiyo, nilivaa jezi ya taifa mwaka jana, niliingia dakika za mwishoni, mpira wenyewe niliugusa kidogo sana. Na kocha wa Harare hakuniuliza. Mimi naona moyo wangu uko kwa mama pia, siyo kwamba naikimbia nchi.

Namba Nane:
Hapo ndo pana shida, na dakika haziangaliwi. Kanuni ya 8 ya World Rugby, wale wanaosimamia raga duniani: ukishaichezea timu ya taifa ya wakubwa umefungwa na nchi hiyo. Tangu Januari 2022 unaruhusiwa kuhama mara moja tu, kwenda nchi uliyozaliwa au aliyozaliwa mzazi au babu na bibi yako, lakini mpaka ikae miaka mitatu bila kuichezea ile ya kwanza. Ulicheza 2025, hesabu inakupeleka 2028. Kombe la Dunia linaanza tarehe 1 Oktoba 2027. Klabuni Harare utacheza, hakuna anayekuzuia. Jezi ya Zimbabwe kwa Australia sahau, kama ile mechi inahesabika.

Mtoto wa Buza:
Hii chai wakuu. Wacheza raga Dar tunajuana wote, Gymkhana pale ukikosa mazoezi mara moja unapigiwa simu, na winga mwenye mama wa Bulawayo simjui. Halafu mechi ya taifa ilikuwa na nani? Taja.

Kinyozi Sinza:
Buza kaleta vitafunwa 😂

Winga wa Mbagala:
Siyo chai. Nikitaja mechi bosi na nusu ya mji watanijua, na Buza kama unajuana na wote basi muulize yeyote nani kaacha kuja mazoezini wiki hii. Na mnielewe, notisi nimeshapeleka Jumatatu. Sikusema mwanzo kwa sababu nilijua mtanirukia. Madirisha ya Julai na Novemba, yaani vipindi vya mechi za kimataifa, yanawalazimisha klabu wawaachie wachezaji waende timu za taifa, sawa, lakini kanuni hiyo bosi wangu haimhusu, mimi nani ananiachia? Ningekaa mpaka lini?

Mama Wawili:
Kwa hiyo ulikuja kutuomba ushauri umeshamaliza? Mama yako anajua?

Mtoto wa Buza:
Bado hujataja mpinzani.

Winga wa Mbagala:
Mama anajua, analia ila anajua. Mpinzani tuliambiwa ni taifa la jirani, ila jezi walivaa za klabu yao ya Nairobi, wengi wao nawajua ni wa klabu hiyo.

Namba Nane:
Sasa umeongea. Kama ilikuwa klabu, kwa ninavyosoma kanuni haikufungi, kama ilikuwa timu ya taifa umefungwa, na hilo humu hakuna wa kulimaliza. Andika leo chama cha raga hapa, uliza mechi ya tarehe fulani iliandikishwa kama ya kimataifa au ya kirafiki na klabu, wakujibu kwa maandishi. Nakala mpe kocha wa Harare, na umwambie ukweli wote kabla hajakutafutia chumba. Notisi yako inaisha lini?

Winga wa Mbagala:
Mwisho wa mwezi. Basi la kupitia Tunduma nimeshaulizia nauli.

Mzee wa Upanga:
Nauli usilipe kwanza. Andika barua, mimi nitakusaidia kuipanga, njoo inbox.