MREJESHO: Ofisi yangu ndogo ya uhandisi Mtwara, wateja wameanza kuja

Wakuu, mwezi wa tatu niliwauliza nifanyeje: ofisi ya uhandisi wa majengo, watu wawili, Mtwara mjini, miezi miwili hatuna kazi. Wengi mlisema nijisajili NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, niombe zabuni. Nimeomba tatu, sijapata hata moja.

Kilichonitoa ni ushauri wa yule mkuu aliyesema niwafuate mafundi. Nilikuwa nawadharau, nakiri. Nikaanza kupita saiti za Mikindani na Naliendele, nakagua nondo bure kabla hawajamwaga zege. Fundi mmoja alikuwa anafunga ringi (vyuma vinavyozungushiwa nondo) za nguzo za ghorofa kila sentimita 40, mbali mno! Tukazisogeza hadi 15. Mwenye nyumba kusikia, akaniita. Ndiye mteja wa kwanza, na kaniletea shemeji yake wa Masasi anayejenga ghala la korosho.

Malipo ya michoro nayo nimeyagawa mara tatu, awamu ya mwisho mtu analipa korosho zikishauzwa mnadani. Huku pesa ina msimu, na mimi niliyetoka Dar sikulijua hilo.

Zile bizinesi kadi 500 nilizochapisha? Ziko kabatini.