Blokcheni ya kahawa: itamsaidia mama pale kwenye mizani?

BintiWaKahawa, Kasarani
Wadau, naomba ushauri. Mama yangu ana miti 300 ya kahawa Kirinyaga. Msimu uliopita alipima mzigo nyumbani kwa mizani ya viazi, ukafika kilo 43. Kiwandani karani akaandika 40. Kwake hizo 3 ni sukari ya nyumba. Sasa kuna kampuni inauzia chama chetu cha ushirika programu ya blokcheni, eti mnunuzi wa Ulaya ataona kahawa ilitoka shamba gani. Wanachama wanapiga kura Jumamosi, na mama anasema niamue mimi niliyesomea kompyuta. Nimwambieje?

FundiKodi, Ngara
Pole, dada. Blokcheni ni daftari lenye nakala kwa watu wengi, na kila ukurasa umebeba muhuri wa ule uliotangulia. Ukibadilisha mstari wa zamani, mihuri inayofuata yote inakataa. Walmart, maduka makubwa ya Marekani, na IBM, kampuni ya kompyuta, waliijaribu kwa maembe: kujua yalikotoka kulichukua karibu siku 7, kukawa sekunde 2.2. Lakini daftari halioni mizani. Karani akiingiza 40, zitabaki 40 na hakuna wa kuzifuta.

KaraniMstaafu, Kariobangi
Binti yangu, nimeshika kalamu ya kiwanda miaka 11. Kilo za mkulima hupotea kwenye desimali zinazokatwa na kwenye gunia linalokadiriwa uzito. Mama adai mizani ya kidijitali inayotuma uzito yenyewe, na ujumbe uingie kwenye simu yake ya kabambe akiwa bado kwenye foleni. Hilo lisipokuwa ndani ya mkataba, asipige kura ya ndiyo.

Tena asitishwe na Ulaya. Sheria yao ya 2023 kuhusu ukataji misitu inataka kujua kahawa ilikuzwa wapi; kwa shamba lisilozidi hekta 4, nukta moja ya ramani inatosha. Haijamlazimisha mtu kununua blokcheni. Na muulize, kampuni hiyo ikifunga, nukta za mashamba yenu zitabaki na nani? Ziwe mali ya ushirika, kwa maandishi.

BintiWaKahawa
Asante sana, mzee. Nimempigia sasa hivi. Ameuliza: ujumbe ukija umepunguka, afanye nini?

KaraniMstaafu
Akatae kumwaga. Kahawa yake ikishachanganyika na ya wenzake hakuna wa kumpimia tena. Mwambie aseme hivyo Jumamosi: ujumbe kwanza, kumwaga baadaye.